Lino Tagliapietra na Siri za Matanuri ya Murano

Murano ni kundi la visiwa vidogo vilivyoko mwendo mfupi wa mashua kutoka mji wa Venice, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya vioo yahamishiwe huko. Sababu iliyotajwa ilikuwa moto, kwani nyumba nyingi za mjini zilijengwa kwa mbao na tanuri la kioo haliruhusiwi kupoa usiku. Serikali ilipata faida ya pili pia: mafundi waliokusanywa kisiwani ni rahisi kuchungwa. Ufundi wao ulikuwa mali ya dola, na aliyetoroka kwenda kuufanya ugenini alihesabiwa mhalifu. Hata hivyo walipewa heshima ambayo waashi na maseremala hawakuiota. Binti wa fundi wa kioo aliweza kuolewa katika koo za kitawala na watoto wake wasipoteze daraja la baba yao.

Chini ya ulinzi huo Angelo Barovier, katikati ya karne ya 15, alifanikiwa kutengeneza kioo angavu kisicho na rangi, na kwa miaka zaidi ya 200 Ulaya nzima ilikitamani. Sheria hazikutosha kukilinda. Ufaransa iliwashawishi baadhi ya mafundi wa vioo vya kujitazamia wahamie Paris, Uingereza ikapata kioo chake chenye risasi baada ya 1674, na Bohemia ikatoa kioo kigumu cha kuchongwa. Jamhuri yenyewe ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797, na vyama vya mafundi vikavunjwa miaka michache baadaye. Kazi ilizinduka tena katikati ya karne ya 19, wakati Antonio Salviati alipofungua karakana na kutafuta wanunuzi ng'ambo.

Lino Tagliapietra alizaliwa Murano mwaka 1934. Akiwa na miaka 11 hivi aliingia kama mwanagenzi katika kiwanda cha Archimede Seguso, mmoja wa mafundi wakubwa wa kisiwa hicho. Mtoto katika kiwanda cha namna hiyo hapulizi chochote kwa muda mrefu: hubeba maji, hufagia vigae, husogeza vifaa na kutazama. Baadaye huruhusiwa kuchota kioo, kisha kumsaidia msaidizi wa fundi, na mwishowe, akijaliwa kipaji, huketi kwenye benchi la fundi mkuu, yaani maestro. Wengi hawakulifikia benchi hilo maisha yao yote. Tagliapietra alilifikia akiwa na miaka 21.

Kioo chenyewe hutokana na mchanga safi, magadi na chokaa, vinavyoyeyushwa pamoja kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,300 za Selsiasi. Fundi huchovya bomba refu la chuma ndani ya tanuri, hulizungusha, na kutoka na donge jekundu linalong'aa. Tangu hapo bomba halisimami. Likiacha kuzungushwa kwa sekunde chache tu, donge huning'inia upande mmoja na kazi huharibika. Pumzi yenyewe ni ndogo kuliko mtazamaji anavyodhani. Kazi kubwa hufanywa na mikono, kwa koleo refu la chuma na kibao cha mti kilicholoweshwa maji. Chombo kikikaribia umbo lake, msaidizi hukishika kitakoni kwa fimbo nyingine ya chuma yenye tone la kioo cha moto, kikatwe kwenye bomba na mdomo wake upanuliwe. Mwishowe huingizwa katika tanuri la nyuzi 500 hivi na kuachwa kipoe polepole, kwa saa nyingi. Kikipozwa haraka hupasuka.

Ufundi unaotofautisha Murano na kwingine uko katika fimbo nyembamba za kioo cha rangi. Watu wawili hushika donge la moto, kila mmoja upande wake, na kutembea kinyumenyume huku kioo kikivutika kati yao. Donge lenye uwazi wa hewa ndani yake, likivutwa hivyo, hutoa mrija, na mrija ukikatwakatwa hutoa shanga. Kwa njia hiyo Venice ilitengeneza shanga zilizofika Zanzibar katika karne ya 19 na kupelekwa bara na misafara kuwa fedha ya kununulia chakula, zikiwemo zile nyekundu zenye weupe ndani zilizoitwa samesame. Wanahistoria wa sanaa huzipita shanga hizo haraka, ilhali zilisafiri mbali kuliko vyombo vyote vya wakuu.

Fundi wa vyombo huzipanga fimbo hizo bega kwa bega, huzipasha moto zishikane, na kuzipuliza ziwe povu lenye mistari. Mtihani mgumu kuliko yote ni wa kuandaa mapovu mawili, moja limesokotwa kulia na jingine kushoto, kisha kuliingiza moja ndani ya mwenzake. Mistari hupishana na kufanya wavu, na kila tundu la wavu hunasa kiputo kimoja cha hewa. Povu moja likiwa na joto tofauti kidogo na mwenzake, viputo hupotea na wavu hupinda. Tagliapietra alijulikana kwa kulifanya hili bila kigugumizi.

Kwa miongo mitatu aliufanya ufundi huo kwa ajili ya viwanda: Galliano Ferro, Venini, La Murrina na Effetre International. Kazi iliuzwa kwa jina la kiwanda au la msanifu aliyeichora. Fundi aliyeipuliza hakutajwa. Huo ndio upungufu mkubwa wa Murano, na uliondolewa na watu wa mbali.

Mwaka 1962, huko Toledo, Marekani, Harvey Littleton aliendesha mafunzo mawili yaliyoonyesha kwamba msanii mmoja anaweza kupuliza kioo kwa tanuri dogo, nje ya kiwanda. Mwanafunzi wake, Dale Chihuly, alikaribishwa Venini mwaka 1968, na mwaka 1971 alishiriki kuanzisha shule ya Pilchuck katika jimbo la Washington. Wamarekani hao walikuwa na mawazo tele na mikono mizito. Tagliapietra alikwenda kuwafundisha mwaka 1979. Nyumbani wapo waliomwita msaliti.

Alifundisha bila kuficha, naye akajifunza huko kwamba fundi anaweza kutia sahihi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliacha viwanda na kuwa msanii wa kujitegemea. Ndipo zikaja kazi zinazomtambulisha: vyombo vya Dinosaur vyenye shingo ndefu zilizopinda, na Endeavor, kundi la mitumbwi ya kioo inayoning'inizwa darini. Mwaka 2008 Jumba la Makumbusho ya Kioo la Tacoma lilifanya maonyesho ya kazi zake za maisha, na akiwa amevuka miaka 80 bado alikuwa akipuliza.

Walioogopa ushindani wa Wamarekani walikosea adui. Kilichoiumiza Murano zaidi ni bidhaa za bei rahisi kutoka nje zinazouzwa kwa watalii wa Venice kwa jina la kisiwa hicho, pamoja na bei ya gesi, ambayo katika mwaka 2022 ilifanya baadhi ya matanuri yazimwe. Sheria ya Mkoa wa Veneto ya mwaka 1994 iliweka alama rasmi ya Vetro Artistico Murano, na anayenunua kioo huko aitafute kwanza kabla ya kulipa.