Koltani

Koltani ni mtapo mweusi wenye elementi za niobi na tantali. Jina lake ni kifupi cha kolumbiti na tantaliti. Tantali hutumiwa katika kapasita ndogo za simu na kompyuta.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, koltani huchimbwa hasa Kivu. Wachimbaji wadogo hutumia sururu na koleo, kisha huosha udongo kwa maji. Koltani ni nzito, hivyo hubaki chini. Kazi hiyo haihitaji mashine, kwa hiyo kundi lolote lenye bunduki laweza kuwatoza kodi mgodini au njiani. Bei ilipopanda sana mwaka 2000, wakati wa Vita ya Pili ya Kongo, biashara hiyo iligharamia majeshi na waasi.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa kueleza kama bati, tantali, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Wanunuzi wengi waliona heri kuikwepa Kongo kabisa, na walioumia kwanza walikuwa wachimbaji, hata wa migodi isiyo na wapiganaji. Baadaye magunia yalianza kufungwa lebo zenye namba, ingawa koltani ya magendo huweza kuingizwa katika gunia lenye lebo halali.

Mwezi Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, eneo la Masisi, penye migodi mikubwa ya koltani.