Chuma cha kulehemu: usafi na utunzaji

Chuma cha kulehemu ni kifaa cha fundi wa redio na simu cha kuyeyushia lehemu, ambayo mara nyingi ni bati lililochanganywa na risasi. Lehemu yenye asilimia 63 ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi.

Ncha ndiyo roho ya chombo. Ndani ni shaba, nje imevikwa ngozi nyembamba ya chuma. Ngozi hiyo ikitoboka, lehemu huila shaba upesi, na ncha imekwisha. Kwa hiyo isiguswe kwa tupa wala msasa. Husafishwa ingali moto, kwa sponji yenye unyevu kidogo au nyuzi laini za shaba ya manjano, kisha hupakwa lehemu mpya papo hapo. Kabla ya kuzima hupakwa tena na kuachwa hivyo, kwani ncha iliyo tupu huungana na hewa, ikawa nyeusi na kukataa lehemu. Ncha za kizamani za shaba tupu pekee ndizo hunolewa kwa tupa.