Shilingi Moja ya Kusimama: Proms na Msikilizaji wa Kawaida

Robert Newman, meneja wa ukumbi wa Queen's Hall jijini London, alikuwa na wazo lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Alitaka muziki wa klasiki upigwe kila usiku wakati wa kiangazi, msimu ambao wenye nacho walikuwa wakiuhama mji na kumbi kubaki tupu. Aliowalenga ni makarani, wauza maduka na wanafunzi, watu ambao mtunzi Beethoven walimsikia kwa jina tu.

Fedha zikatoka kwa daktari wa koo. George Cathcart alikuwa akiwatibu waimbaji, na aliamini kwamba okestra za Uingereza zililinganisha ala zao kwa sauti ya juu mno, hata waimbaji wakaumia. Akasema atalipa kwa masharti mawili: sauti hiyo ishushwe kufikia kiwango cha Ufaransa, na mwongozaji wa okestra awe Henry Wood, kijana wa miaka 26. Newman hakuwa na la kubishia.

Milango ilifunguliwa Agosti 10, 1895. Sehemu ya chini ya ukumbi haikuwekwa viti. Watu walisimama au kutembeatembea, na ndiyo maana ya jina Promenade Concerts, ambalo watu wakalikata likawa Proms. Kiingilio cha kusimama kilikuwa shilingi moja, enzi ambazo pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Ruhusa ilikuwepo ya kula, kunywa na kuvuta sigara. Waliombwa jambo moja tu: wasiwashe viberiti mtu anapoimba.

Mtindo wenyewe haukuwa mpya. Miaka ya 1840 Mfaransa Louis Jullien aliwajaza watu wa London kumbini kwa vituko: ilipofika zamu ya Beethoven, aliletewa glavu safi na kijiti chenye vito juu ya sinia la fedha. Newman alikuwa na hila ya kimyakimya zaidi. Usiku wa kwanza ulianza na Wagner, kisha zikafuata nyimbo na vipande vifupi, na nusu ya pili ikawa nyepesi kuliko ya kwanza. Mpango wake ulikuwa kumpandisha msikilizaji ngazi kwa ngazi. Baadaye Jumatatu zikawa za Wagner na Ijumaa za Beethoven, na aliyefuata nyimbo nyepesi akajikuta anasikiliza simfonia nzima.

Mwaka 1912 Wood aliongoza kwa mara ya kwanza duniani vipande vitano vya okestra vya mtunzi Arnold Schoenberg, na ukumbi ukazomea. Kwangu mimi, kuzomea kule kulikuwa ushindi wa Newman. Asiyejali hazomei.

Kibiashara mambo hayakumnyookea. Alifilisika mwaka 1902, na benka Edgar Speyer akabeba mzigo hadi Vita Kuu ya Kwanza, ambapo asili yake ya Kijerumani ilimletea chuki akahamia Marekani. Newman alifariki mwaka 1926, na mwaka uliofuata BBC wakazichukua Proms. Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza Queen's Hall, nazo zikahamia Royal Albert Hall, ziliko mpaka leo.

Kinachomtia hofu mgeni siku hizi ni makofi: apige lini? Simfonia huwa na sehemu kadhaa, na kwingi mtu akipiga makofi katikati hugeuziwa macho makali. Adabu hiyo ya ukimya ilianza kuota mizizi karne ya 19. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba watu walipiga makofi simfonia yake ikiwa bado inaendelea. Tena kipande kilichowachochea alikitunga akijua kitawapata. Kwenye Proms makofi ya katikati husikika mara nyingi, na okestra huendelea bila kununa.

Tiketi za kusimama bado zipo, na miaka ya karibuni zimeuzwa kwa takriban pauni 8. Ukipita London kati ya Julai na Septemba, panga foleni ukiwa umevaa viatu visivyobana. Aliye mbali anaweza kufuatilia matangazo ya moja kwa moja kupitia BBC Radio 3.