Hewa ya milimani na sifa zake

Ukiteremka basi pale Same saa nane mchana, jua hukupokea kabla ya wachuuzi. Mji uko kiasi cha mita 860 juu ya usawa wa bahari. Ukiinua macho unaiona milima ya Upare, na kilele cha Shengena, karibu mita 2,460, kimejifunika ukungu. Wapare ninaowakuta wakingoja gari la kupanda Chome au Mbaga huniambia neno moja: kule juu hewa ni safi. Kwa vumbi na joto nakubali. Kwa gesi ya ozoni, historia ina maneno mengine.

Sisemi ile ya juu sana, kilometa 20 na zaidi, inayotukinga na mionzi ya jua, ambayo mataifa yalikubaliana kuilinda huko Montreal mwaka 1987. Nasema hii tunayoivuta puani. Mwaka 1839 mkemia Christian Friedrich Schönbein wa Basel alitambua harufu kali katika majaribio yake ya umeme, akaipa gesi hiyo jina kutokana na neno la Kigiriki la kunuka. Basi Ulaya ikashikwa na wazimu wa ozoni! Matabibu waliiona ni dawa, wakawahimiza wagonjwa wa kifua wapande milimani wakaivute. Sifa ya hewa ya mlimani ilidumu. Hata Kibong'oto, kando ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, enzi ambayo hewa na mapumziko ndiyo yalikuwa tiba kubwa.

Wafaransa waliipima ozoni juu ya mlima Pic du Midi, mita 2,877, tangu 1874 hadi 1909. Waliopima palepale miaka mingi baadaye waliikuta imeongezeka. Kwa kiasi gani, wataalamu wanabishana, maana vyombo vya zamani vilikuwa duni.

Aliyefumbua fumbo ni Mholanzi Arie Haagen-Smit, mjini Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alionyesha kwamba moshi wa magari na mvuke wa petroli, vikipigwa na jua, huzaa ozoni. Haitoki katika bomba la gari. Jua ndilo huipika, na upishi huo huchukua saa kadhaa, wakati upepo umekwisha kuihamisha. Moshi wa nyasi zinazochomwa hufanya vivyo hivyo, na sisi kwa kuchoma nyasi hatujambo.

Sasa mlima unaingiaje? Mchana miteremko hupata joto, upepo ukapanda na hewa ya bondeni. Usiku, huku chini, hewa baridi hutulia kama maji mtungini. Moshi mpya wa magari huila ozoni, na udongo na majani humaliza iliyobaki. Kileleni hakuna mtungi. Hewa hushuka kutoka juu zaidi ikileta ozoni nyingine, kwa hiyo kipimo hakianguki kama cha mjini. Mtu wa mjini hupata nafuu akilala. Mmea wa mlimani haupati.

Katika Afrika Mashariki, Nairobi ilianza kurusha baluni za kupima ozoni mwaka 1996, kwa ushirikiano na Waswisi. Kituo cha Mlima Kenya, mita 3,678, nacho kilipima katika miaka ya 2000. Vipimo vyake vilikuwa chini ya vile vya milima ya Ulaya, na hiyo ni habari njema. Lakini magari yetu yanaongezeka.

Tena maharage ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi na ozoni: jani huota madoa ya rangi ya shaba, hukauka mapema, na mavuno hupungua. Ni nani Upare asiyelima maharage? Mkulima akiona madoa hayo atalaumu wadudu au ukungu wa majani, na pengine ni kweli. Ningependa ozoni ipimwe Same mjini na Chome kwa siku zilezile, usiku na mchana, mwezi wa Septemba nyasi zikiungua, na majani ya maharage yakaguliwe papo hapo.