Ukuta wa Cusco na Kitabu cha Cajamarca

Mji wa Cusco, nchini Peru, uko katika milima ya Andes, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni anayefika na begi mgongoni hutumia siku ya kwanza kuhema tu. Akishazoea hewa huanza kutembea, na mapema au baadaye hufika kwenye kanisa la Santo Domingo, la watawa wa Shirika la Wadominiko. Juu ni kanisa la Kihispania. Chini yake ni ukuta wa mawe yaliyochongwa na kupangwa bila chokaa, yakabanana hata wembe usipite. Huo ni ukuta wa Coricancha, hekalu la jua la Wainka, ambalo lilifunikwa kwa mabamba ya dhahabu mpaka Wahispania walipoyabandua mwaka 1533. Tetemeko la ardhi la mwaka 1650 liliharibu kanisa. Lile la mwaka 1950 likaliharibu tena, na kuta za Wainka zilizokuwa zimefichwa zikaonekana zimesimama.

Mhubiri akiona hayo hukimbilia Mathayo 7, nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Mimi naona tuuache ukuta kwanza, twende kaskazini, katika mji wa Cajamarca, ambako mambo haya yalianzia.

Tarehe 16 Novemba 1532, Atahualpa, mtawala wa Wainka, aliingia katika uwanja wa Cajamarca akiwa amebebwa kitini, pamoja na maelfu ya watu wake. Alikuwa ametoka kumshinda ndugu yake Huáscar katika vita vya kugombea utawala. Francisco Pizarro alikuwa na watu 168 tu, wamejificha katika majengo yanayouzunguka uwanja. Aliyetoka kumlaki mfalme hakuwa askari. Alikuwa mtawa Mdominiko, Vicente de Valverde, ameshika msalaba na kitabu.

Valverde akamweleza habari za Mungu wa Wakristo, na kwamba yampasa kumtii mfalme wa Hispania. Maneno yalipitia kwa mkalimani kijana, mtu wa pwani aliyejifunzia Kihispania mikononi mwa Wahispania. Kisha mtawa akampa kile kitabu. Ndugu msomaji, Wainka hawakuwa na maandishi kama yetu. Hesabu na kumbukumbu za dola yao kubwa walizitunza kwa khipu, yaani kamba zenye mafundo. Atahualpa alikigeuza kitabu, akakitazama, akakitupa chini. Valverde akarudi kwa Pizarro akilalamika kwamba Neno la Mungu limedharauliwa. Mizinga ikalia, wapanda farasi wakatoka, na kabla ya usiku kuingia maelfu walikuwa wameuawa na mfalme alikuwa mfungwa.

Alitoa fidia: chumba kizima cha dhahabu, kisha fedha mara mbili ya hapo. Walipokea, na hawakumwachia. Mnamo Julai 1533 alihukumiwa kuchomwa moto. Akaambiwa kwamba akikubali ubatizo hatachomwa. Kwa Wainka mwili wa mfalme ulihifadhiwa na kuheshimiwa kizazi hata kizazi. Kuchomwa kulikuwa kufutika kabisa. Akabatizwa, kisha akanyongwa.

Ninapofundisha habari hii chuoni, wanafunzi huuliza kama ubatizo ule ulikuwa halali. Huwajibu kwamba ubatizo hausimami juu ya usafi wa moyo wa anayebatiza. Lakini linalonisumbua mimi ni la kabla ya hapo: Atahualpa alisikia nini? Paulo, katika Warumi 10, anaifungamanisha imani na kusikia. Pale uwanjani kitabu kilinyoshwa kwa mtu asiyeweza kukisoma, huku mizinga ikisubiri nyuma ya kuta. Miaka ile ile Martin Luther alikuwa Wittenberg akikamilisha kazi ya Biblia nzima ya Kijerumani, iliyotoka mwaka 1534.

Mlutheri anayetaka kujisifu kwa hilo apunguze mwendo, maana walioanza kurekebisha kosa lile walikuwa Wadominiko wenyewe. Hata Valverde, alipokuwa askofu wa Cusco, alimwandikia mfalme mwaka 1539 akiwatetea wenyeji. Mdominiko mwingine, Domingo de Santo Tomás, alijifunza Kikechua, na mwaka 1560 akachapisha huko Hispania sarufi na kamusi ya lugha hiyo, akionyesha kwamba ni lugha yenye utaratibu wake, si kelele za washenzi. Na kitabu cha kwanza kuchapishwa Amerika ya Kusini, mjini Lima mwaka 1584, kilikuwa katekisimu kwa Kihispania, Kikechua na Kiaymara. Hata hivyo, mtaguso wa Lima wa mwaka 1567 ulikuwa umeshakataza wenyeji wasipewe upadri. Neno liliruhusiwa kusema Kikechua, lakini Mkechua hakuruhusiwa kusimama madhabahuni kulihubiri.

Kutoka Cusco wasafiri wengi huharakisha kwenda Machu Picchu, wengine kwa miguu siku 4, wakipita kwenye kilele cha zaidi ya mita 4,200. Wahispania hawakujenga kitu huko, kwa hiyo hakuna kanisa juu ya mahekalu yake. Ni mahali pazuri mno. Kwa Mkristo, nadhani Cusco ina maswali mengi zaidi.

Katika kanisa kuu la Cusco, lililojengwa kwa mawe mengi yaliyobomolewa kutoka ngome ya Sacsayhuamán, kuna sanamu ya Kristo msulubiwa iliyokuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa. Watu waliibeba barabarani wakati wa tetemeko la 1650, na mpaka leo hubebwa kila Jumatatu ya Juma Takatifu huku ikirushiwa maua mekundu. Siwezi kuiita imani ya watu hao ya bandia kwa sababu ya damu ya Cajamarca. Siwezi pia kuisahau damu hiyo.

Humo humo kuna mchoro wa Karamu ya Bwana wa karne ya 18, unaotajwa kuwa kazi ya Marcos Zapata, mchoraji mwenyeji. Yesu ameketi na wanafunzi wake. Kwenye sahani iliyo katikati ya meza, mahali ambapo mchoraji wa Ulaya angeweka mwanakondoo, amelala simbilisi aliyebanikwa, miguu juu, kama anavyoandaliwa nyumbani kwa Wakechua siku ya sikukuu.