Mtoto Mmoja Mbele ya Mwalimu Wake

Jioni moja huko Kavimvira, malori ya kutoka Bujumbura yakiwa bado yanangoja mpakani, nilimwita mtoto wa dada yangu aje na kitabu chake cha darasa la nne. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mama yake alifurahi. Mimi nikaweka kiganja juu ya maandishi, na mtoto akaendelea kusoma vilevile! Ndipo nikafunua ukurasa mwingine, nikamwonyesha neno moja fupi. Akanyamaza, akatazama miguu yake. Akasema polepole, "Mjomba, hilo hatujaliimba."

Miaka minne alikuwa akiketi darasani, na hakuna aliyejua. Mwalimu wake simlaumu. Ana watoto zaidi ya sitini, nao husoma wote pamoja kwa sauti moja. Katika sauti ya sitini, nani atasikia kwamba mmoja hasomi?

Jambo hilo limenirudisha katika habari za zamani za ziwa letu, maana hapo kale mtoto hakufundishwa hivyo.

Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamewatangulia katika njia hiyo ya pembe za ndovu na watumwa. Makao yao makubwa yalikuwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Nao watu wa pwani, mahali pengi walipotulia, chuo cha Kurani kilifuata. Katika chuo hakuna darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto ana ubao wake, ameandikiwa somo lake kwa wino wa masizi. Mmoja yumo katika herufi, mwenziwe katika sura fupi, wa tatu yu karibu kuhitimu, na wote wamekaa mkeka mmoja wakipiga kelele. Lakini saa yake ikifika, kila mmoja huenda mbele ya mwalimu peke yake na kusomeshwa. Akijua, ubao huoshwa, anaandikiwa jipya. Asipojua, hurudi na ubao uleule. Na mkubwa humshika mkono mdogo. Chuo kilikuwa na kasoro zake: bakora ilitembea sana, na watoto wengi waliyatamka maneno ya Kiarabu bila kujua maana yake. Hata hivyo hakuna aliyeweza kujificha miaka minne.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, wakajenga Masanze mwaka 1880 na Kibanga mwaka 1883, kwenye pwani hii yetu ya magharibi. Watoto wao wa kwanza walikuwa wale waliokombolewa katika utumwa, wenye lugha mbalimbali, wengine hawajui hata jina la kijiji chao. Kadinali Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba anayetaka ubatizo afundishwe miaka minne, na padri alitakiwa kumjua kila mmoja: anaelewa nini, anaishije. Kuuliza kundi zima hakukutosha.

Mfano mkubwa ni Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu, kusini mwa ziwa. Mwaka 1899 Askofu Roelens alifungua huko Mpala shule ndogo ya kuwaandaa vijana kwa upadri. Kaoze alikuwa mmoja wa wavulana hao wachache, na katika wale wa mwanzo yeye ndiye aliyefika altareni, tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, makala yake juu ya fikira za Wabantu yalikuwa yamekwisha kuchapwa Ubelgiji kwa Kifaransa. Hesabu basi: miaka kumi na minane ya walimu, ili kumpata padri mmoja. Huo ndio utamu wa kufundisha mmoja mmoja, na huo ndio ughali wake.

Kwa sababu ya ughali huo benchi zilizaliwa. Huko Ufaransa, kabla ya Yohane Baptista wa La Salle, mwanafunzi alikwenda mezani kwa mwalimu, akasoma mistari michache, akarudi mahali pake. Saa zilizobaki alikaa bure au alichokoza wenzake. La Salle na Mabruda wake, kuanzia miaka ya 1680, waliwapanga watoto kwa kiwango chao, wote wafuate somo moja pamoja, na hivyo watoto wa maskini wengi wakapata shule. Ilikuwa kazi njema. Darasa la namna hiyo likaja Kongo pia, hasa baada ya mapatano ya 1906 kati ya Dola ya Kongo na Papa, yaliyowapa wamisionari ardhi nao wakaahidi shule. Lakini tuangalie neno moja: La Salle aliwapanga kwa kiwango. Sisi tumewapanga kwa miaka waliyokaa shuleni. Hayo si sawasawa.

Tena vita vya 1964 na vya 1996 viliwakimbiza Uvira walimu na wanafunzi, hata wazazi wengi wa leo walikatizwa masomo yao. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na watoto wakamiminika, jambo la kushukuru. Ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Benki ya Dunia imekadiria kwamba katika Kongo watoto 97 kwa 100 wenye miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Mwalimu mwenye watoto 60, akitoa saa nzima ya kuwasikiliza, kila mtoto anapata dakika moja.

Mwalimu Benjamin Bloom wa Chicago aliandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake aliwapita 98 katika 100 wa darasani. Waliomfuata wamepima wakaona faida ndogo kuliko hiyo, nami nawaamini zaidi wao. Lakini faida ipo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule za Botswana, watoto walipigiwa simu ya kawaida mara moja kwa juma, kama dakika ishirini, kufundishwa hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Walijifunza kweli, kuliko wale ambao hawakupigiwa.

Basi nami nikaanza na dakika ishirini, jioni, barazani. Tulirudi kwenye ba, be, bi, bo, bu, maana Kiswahili kina huruma: kila herufi husema ileile siku zote. Kifaransa kingengoja. Juma la kwanza mtoto aliona haya, kwa kuwa mdogo wake wa darasa la pili alikuwa akichungulia. Nikamwita huyo naye, naye vilevile hakujua. Siku nyingine umeme ulikosa, siku nyingine mimi mwenyewe nilichoka nikasingizia mvua.

Mwezi wa tatu tulishuka ziwani kununua ndagala. Ubavuni mwa mtumbwi kulikuwa na jina limeandikwa kwa rangi nyekundu, nusu imefutika. Akasimama akalisoma kwa kidole, akakosea silabi ya kati, akarudi nyuma mwenyewe akaisahihisha kabla sijafungua kinywa. Kisha akaniuliza kwa nini mwenye mtumbwi hakuandika vizuri.