Mto wa Shaba Katika Ramani

Twaona ramani ukutani shuleni, wala hatuulizi mistari yake ilipatikanaje. Leo twataka kueleza habari za mstari mmoja tu, mto uitwao Coppermine, kaskazini mwa Kanada, katika nchi isiyo na miti ambayo maziwa yake ni barafu sehemu kubwa ya mwaka.

Kampuni ya Hudson's Bay ilisikia kwa wenyeji habari za shaba huko. Mwaka 1769 ikamtuma Samuel Hearne, kijana wa miaka 24, aende kwa miguu. Safari ya kwanza haikufika mbali. Katika ya pili alichukua kwadranti, chombo cha kupimia urefu wa jua saa sita mchana, ili mtu ajue yuko kaskazini kiasi gani. Siku moja ya Agosti 1770 aliiacha imesimama, akaketi kula. Upepo ukaiangusha, ikavunjika.

Alipokuwa akirudi, baridi ikimtesa, akakutana na Matonabbee, mkuu wa Wachipewyan. Huyu na mwenzake Idotlyazee walikwisha kuichora nchi ile kabla Hearne hajaanza safari zake. Akamwonyesha kosa lake: hakuchukua wanawake. Nani atavuta mizigo, nani atashona nguo za ngozi? Nasi twaona alisema kweli, ijapokuwa hao hawakupata sifa ya ramani.

Desemba 1770 wakaondoka pamoja, na Julai 1771 wakaufikia mto. Hapo Wachipewyan wakawashambulia Wainuit waliolala hemani, wakawaua, Hearne asiweze kuwazuia. Shaba aliyoipata ni bonge moja la ratili nne hivi. Lakini alikuwa ametembea nchi kavu mpaka Bahari ya Aktiki, asione mlango wa bahari wa kupitisha merikebu.

Penye bahari ukungu ukatanda, naye hakungoja jua. Tena kwadranti yake sasa ilikuwa kuukuu, iliyokaa ngomeni miaka zaidi ya 30. Basi akakisia kwa mwendo wa miguu, akaandika karibu digrii 72 kaskazini, na kweli ni chini kidogo ya 68: kosa la zaidi ya maili 200! Alexander Dalrymple, mchora ramani wa London, akamshuku. Mwaka 1821 John Franklin akauteremka mto ule, akapima, na katika ramani ukasogezwa kusini.